Simfoni Aliyoifungia Mezani

Kulikuwa na kipande kimoja cha piano ambacho wasikilizaji wa Marekani hawakukubali Sergei Rachmaninoff aondoke jukwaani bila kukipiga. Programu imekwisha, ameinama kushukuru, ameingia ndani na kutoka tena, na bado watu wa viti vya nyuma wanakidai kwa sauti, wakikitaja kwa ufunguo wake: C-shapu! Ni Preludi ya C-shapu maina, aliyoitunga mwaka 1892 akiwa na miaka 19. Mchapishaji wa Moscow alimlipa rubli 40. Kwa kuwa Urusi haikuwa ndani ya mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, wachapishaji wa nchi nyingine walikitoa na kukiuza watakavyo, na mtunzi hakuambulia kitu. Miaka 40 baadaye mzee huyo wa urefu wa karibu mita mbili anarudi kwenye piano, uso haucheki, anakipiga. Alikuwa amekichoka siku nyingi.

Ukikaa na wanamuziki wakongwe, wawe wa dansi, wa taarab au wa kwaya, wengi watakusimulia kwa raha kibao kilichowatoa. Rachmaninoff alikuwa na kibao cha namna hiyo na kikamgeukia mzigo. Kazi ya ujana iliyokaa moyoni mwake ilikuwa nyingine, kubwa zaidi, ya okestra nzima, ambayo ilipigwa mbele ya watu mara moja tu, ikaanguka vibaya, na hakuiruhusu ipigwe tena maisha yake yote. Ni Simfoni Na. 1. Hiyo hakuna aliyemdai. Na alipofika uzeeni akaamua kuikumbuka, aliikumbuka hadharani, ukumbi umejaa, wala wasikilizaji hawakuwa na njia yoyote ya kujua anachofanya.

Kijana asiye na shaka

Ili kuelewa alichokuwa anakikumbuka, inafaa kumwona alivyokuwa mwaka 1895. Alitoka katika familia ya makabaila ambayo baba yake aliifilisi, shamba moja baada ya jingine, mpaka wakabaki kuishi mjini. Lakini kipaji hakikuwa na ubishi. Alihitimu Konservatori ya Moscow mwaka 1892 kwa nishani kuu ya dhahabu, na kazi yake ya mtihani, opera fupi iitwayo Aleko, aliitunga kwa wiki chache tu. Tchaikovsky mwenyewe aliisifu. Mwaka uliofuata Tchaikovsky akafariki, na kijana akabaki na sifa hizo bila mlezi wa kumshika mkono.

Majira ya kiangazi alikuwa akienda Ivanovka, shamba la ndugu zake wa ukoo wa Satin katika jimbo la Tambov, kusini-mashariki ya Moscow. Ni nchi tambarare, ngano mpaka upeo wa macho, farasi, bustani, na nyumba iliyojaa binamu. Mmoja wao, Natalia, ndiye baadaye aliyemwoa. Huko ndiko alikoimalizia simfoni, akiwa na miaka 22, akifanya kazi saa saba kwa siku na mwishoni hata zaidi. Kwa mtu ambaye miaka ya baadaye aliandika kwa shida na kwa kujitilia shaka kila mstari, bidii ya mwaka ule ni ya kushangaza.

Unaisikia hali hiyo katika muziki wenyewe. Simfoni inachukua zaidi ya dakika 40, sehemu nne, na kila sehemu inafunguka kwa kijisauti kilekile kifupi cha noti chache zinazojizungusha na kuruka. Tuni zake nyingi zina harufu ya nyimbo za kale za Kanisa la Kiorthodoksi, zile zinazotembea hatua kwa hatua bila kuruka juu wala chini sana. Waliopita kwaya watajua ninachosema: ni mwendo ambao hata asiye na sauti anaweza kuufuata. Ila Rachmaninoff hakuutumia kwa ibada. Aliuweka kwenye maina, akaukabidhi kwa tarumbeta na ngoma, ukawa kitu cha kutisha. Mwishoni mwa sehemu ya nne upatu mkubwa unapigwa, kila kitu kinanyamaza, kisha okestra inaporomoka polepole na kwa uzito mpaka noti ya mwisho. Ni mwisho wa kijana anayetaka dunia itikisike.

Juu ya ukurasa aliandika aya ya Waraka kwa Warumi inayosema kuwa kisasi ni cha Mungu, aya ileile ambayo Tolstoy aliiweka mwanzoni mwa riwaya yake ya Anna Karenina. Na aliitunukia simfoni kwa herufi mbili, A.L., yaani Anna Lodyzhenskaya, mke wa rafiki yake. Unaweza kujaza kurasa kwa kukisia kulikuwa na nini kati yao. Waliojaribu hawakupata la maana, nami napita.

Machi 1897

Tajiri mmoja wa mbao, Mitrofan Belyayev, alikuwa akigharamia matamasha ya muziki wa Kirusi mjini St. Petersburg. Simfoni ya kijana wa Moscow ikapangwa Machi 1897, mwongozaji akiwa Alexander Glazunov, mtunzi mwenye jina kubwa ambaye sifa yake ya kuongoza okestra haikuwa kubwa kiasi hicho.

Okestra ina jambo moja ambalo msikilizaji haoni, nalo litarudi mbele ya safari. Hakuna mpigaji mwenye muziki mzima mbele yake. Mpiga selo ana karatasi ya selo tu. Mpiga zumari ana karatasi ya zumari, na humo amehesabiwa vipimo vya kukaa kimya mpaka zamu yake ifike. Kazi nzima iko mahali pawili: kwenye kitabu kikubwa cha nota anachosoma mwongozaji, na masikioni mwa mwongozaji huyo. Kazi ikiwa mpya, wapigaji hawaijui, na mazoezi ndiyo yanayowafundisha nani ampishe nani, nani ashushe sauti ili mwingine asikike. Usiku ule programu ilibeba kazi nyingine mpya pia, na muda wa mazoezi haukutosha. Nikolai Rimsky-Korsakov, mkuu wa watunzi wa mji ule, alihudhuria mazoezi na kumwambia kijana waziwazi kuwa muziki huu haumpendezi.

Kwa masimulizi yake mwenyewe ya baadaye, onyesho lilipoanza Rachmaninoff alijificha kwenye ngazi za ukumbi, akawa anaziba masikio. César Cui, mtunzi na mhakiki aliyekuwa hana simile na watu wa Moscow, aliandika gazetini kwamba kama kuzimu kungekuwa na konservatori, na mwanafunzi mmoja akaambiwa atunge simfoni kuhusu mapigo ya Misri, akaleta kitu cha namna hii, angewafurahisha sana wakazi wa kule.

Imesemwa miaka mingi kuwa Glazunov alikuwa amelewa. Habari hiyo inatoka upande wa Rachmaninoff, mke wake akiwa miongoni mwa walioitaja, na haiwezi kupuuzwa, maana Glazunov alikuwa mnywaji. Lakini mimi siipi uzito wanaoupa wengi. Mwongozaji asiyelewa hata kidogo, asiyeipenda kazi na asiye na muda wa mazoezi, anaweza kuiua simfoni vilevile. Hadithi ya ulevi inapendwa kwa sababu inampa kila mtu mkosaji mmoja, na inatuondolea swali gumu zaidi ambalo Rachmaninoff mwenyewe alijiuliza.

Alijiuliza ndani ya barua. Miezi miwili hivi baada ya usiku ule alimwandikia rafiki yake Alexander Zatayevich. Alimlaumu Glazunov, ndiyo. Alishangaa mtu mwenye kipaji kikubwa vile anawezaje kuongoza vibaya vile. Lakini alisema pia kwamba kushindwa hakumuumizi, wala matusi ya magazeti. Kinachomtesa ni kuwa simfoni aliyoipenda sana, na ambayo hata sasa anaipenda, haikumpendeza alipoisikia kwenye mazoezi ya kwanza.

Barua hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 125 na bado sijakutana na maelezo bora ya jambo hili. Mtu ameipenda kazi yake. Ameisikia kwa mara ya kwanza nje ya kichwa chake. Hakuipenda. Na bado anaipenda. Yote yaliyofuata katika maisha yake kuhusu simfoni hii yamo ndani ya mkanganyiko huo.

Ufunguo

Miaka mitatu hivi iliyofuata inasimuliwa kila mahali, kwa hiyo nitaifupisha. Kalamu ilikauka. Aliongoza opera katika kampuni ya tajiri Savva Mamontov, akafanya urafiki na mwimbaji Feodor Chaliapin, akapelekwa mpaka kwa mzee Tolstoy apewe moyo, akarudi ameumia zaidi. Mwaka 1900 daktari Nikolai Dahl akamtibu kwa mazungumzo na usingizi wa kiakili, na mwaka 1901 ikatoka Konserto ya Piano Na. 2, ikiwa imetunukiwa daktari huyo. Ni hadithi nzuri ya ugonjwa na kupona, na watayarishaji wa filamu na waandishi wa vijarida vya ukumbini hawaichoki. Tatizo lake ni kwamba inaiacha simfoni nyuma, kana kwamba mgonjwa alipopona chanzo cha ugonjwa nacho kilikwisha.

Simfoni ilikuwepo. Hakuichoma. Ilikuwa kwenye meza yake ya kuandikia, Moscow, chini ya kufuli. Mwaka 1908 alimwandikia rafiki yake Nikita Morozov akitaja kazi tatu za zamani alizotaka kuzipitia upya, na simfoni ilikuwa mojawapo. Nyingine, Konserto ya Piano Na. 1, aliifanyia kazi kweli mwaka 1917 na ikapona. Simfoni hakuigusa. Mwaka huohuo wa 1917 alimwandikia mhakiki Boris Asafiev, na sasa amepata utulivu wa kuitazama kwa mbali: kuna muziki mzuri humo, alisema, na kuna mwingi ulio dhaifu, wa kitoto, wa kulazimisha, wenye makuu. Alikiri kuwa baada ya lile pigo alikuwa mithili ya mtu aliyepata kiharusi, kichwa na mikono havifanyi kazi kwa muda mrefu. Na akasema hataionyesha kwa mtu. Katika wosia ataweka katazo isitazamwe.

Kisha mapinduzi. Desemba 1917 alipata mwaliko wa kupiga piano Stockholm, akautumia kama mlango wa kutokea. Waliondoka yeye, mke na mabinti wawili, sehemu ya safari wakivuka mpaka wa Finland kwa sleji kwenye theluji. Mizigo ilikuwa kidogo. Kati ya karatasi za muziki alizobeba kulikuwa na daftari za rasimu zake, tendo la kwanza la opera yake Monna Vanna ambayo hakuimaliza, na nota za opera ya Jogoo wa Dhahabu. Hii ya mwisho si yake. Ni ya Rimsky-Korsakov, yuleyule aliyemwambia kwenye mazoezi kuwa simfoni yake haimpendezi. Mtu anayekimbia nchi yake anabeba kazi ya mkosoaji wake, na kazi yake mwenyewe anaiacha kwenye meza iliyofungwa. Ufunguo alimwachia Sofia Satina, dada ya mkewe. Naye baadaye akaondoka Urusi. Vitu vya nyumba ile vikahamishwa, vikapita mikono ya watu, na kitabu cha nota za simfoni kikatoweka. Hadi leo hakijaonekana.

Long Island, 1940

Aliwasili New York Novemba 1918, akiwa na miaka 45, na akaanza maisha mapya ya mpiga piano wa kuzunguka. Alilipwa vizuri sana. Treni, hoteli, ukumbi, Preludi ya C-shapu, treni. Kwa miaka 25 aliyoishi nje alikamilisha kazi sita tu zenye namba. Alipoulizwa sababu alijibu kuwa kupoteza nchi kulimpotezea na hamu ya kutunga. Nyumba ya Ivanovka iliharibiwa katika vurugu za mapinduzi. Alijenga nyingine Uswisi kando ya Ziwa Lucerne akaiita Senar, jina lililofinyangwa kutokana na jina lake na la Natalia, na vita vilipokaribia Agosti 1939 akaiacha nayo.

Watu husema muziki wake wote wa ugenini ni kilio cha kuililia Urusi. Sibishi, lakini nadhani tunachanganya hamu mbili. Urusi aliikumbuka pamoja na mamilioni ya wakimbizi wenzake. Walikutana, wakala vyakula vyao, wakaimba, wakalia pamoja. Simfoni aliikumbuka peke yake. Hakuwa na mtu wa kumwambia "unakumbuka ile sehemu ya mwisho?" Walioisikia walikuwa watu wa ukumbi mmoja, usiku mmoja, na wengi wao walitamani kuisahau.

Majira ya kiangazi ya 1940 alipanga nyumba iitwayo Orchard Point, kisiwani Long Island karibu na Huntington. Afya ilikuwa imeanza kuyumba. Asubuhi alifanya mazoezi ya piano kwa ajili ya msimu wa matamasha uliokuwa unakuja, na saa nyingine zote aliandika. Agosti akamjulisha Eugene Ormandy, mwongozaji wa Okestra ya Philadelphia, kuwa ana kazi mpya na angependa yeye na okestra yake wawe wa kwanza kuipata. Aliiita Dansi za Fantasia. Baadaye zikawa Dansi za Kisimfoni. Ni tatu, na awali alifikiria kuzipa majina ya Adhuhuri, Magharibi na Usiku wa Manane.

Dansi ya kwanza inaanza na hatua za kugonga, nyepesi kisha nzito. Katikati hatua zinakoma na saksafoni inaimba peke yake wimbo mrefu ulio Kirusi kabisa. Rachmaninoff hakuwa na uzoefu wa chombo hicho, kwa hiyo aliomba ushauri kwa Robert Russell Bennett, fundi wa kupangia okestra nyimbo za Broadway, achague saksafoni ya aina gani. Hatua za mwanzo zinarudi, zinachemka, zinapungua. Ungetegemea dansi iishie hapo.

Haiishii. Fidla na wenzake wanaingia na tuni ambayo haijasikika popote katika dansi hii, pana, tulivu, kwenye meja. Juu yake filimbi, kinubi, piano na vikengele vya chuma vinametameta. Inakaa kwa muda wa kama dakika moja, halafu hatua za mwanzo zinagusa mara ya mwisho na dansi imekwisha. Msikilizaji wa kawaida anaiona nzuri, pengine anajiuliza imetoka wapi, na anaendelea na dansi ya pili.

Ni tuni kuu ya sehemu ya kwanza ya Simfoni Na. 1. Ile ya maina, ya kisasi, aliyoipa sauti ya kutisha akiwa na miaka 22. Noti zake ni zilezile kwa mpangilio uleule kiasi kwamba huwezi kuikosea ukizijua zote mbili. Aliiandika bila karatasi ya kuangalia, miaka 45 baada ya kuitunga, akiwa na kila sababu ya kuamini kuwa hakuna nakala yake iliyobaki duniani. Na mkono uliobadilisha maina kuwa meja haukuongeza kitu kingine. Hakuirekebisha tuni. Alichofanya ni kuiondolea ngoma na tarumbeta, kuipunguza mwendo, na kuiacha ipite.

Philadelphia iliipiga kazi hiyo kwa mara ya kwanza tarehe 3 Januari 1941. Simfoni ilikuwa bado haijachapishwa. Hakuna mhakiki wala mwanazuoni ukumbini ambaye angeweza kuitambua tuni ile, hata angekuwa na masikio ya namna gani. Alikuwa sawa na mzee anayelitaja jina la mchumba wa ujanani katikati ya mazungumzo na wageni, akijua hakuna atakayemuuliza ni nani.

Wachambuzi wengi husema hapo alikuwa anaisamehe simfoni, au anaizika. Wana hoja. Dansi ya tatu inapambanisha tuni ya Dies irae, wimbo wa kale wa misa ya wafu, na wimbo wa ufufuko alioutumia katika Mkesha, kazi yake ya kwaya ya mwaka 1915, na wimbo wa ufufuko ndio unaoshinda. Mwisho wa nota aliandika maneno ya kumshukuru Mungu. Ukitazama hivyo, kazi nzima ni mzee anayefunga hesabu. Lakini mtu hazikii kitu mahali pa furaha kama ile dakika moja. Mimi nasikia jambo dogo zaidi na la kibinadamu zaidi: amepata mahali ambapo anaweza kuipenda tena bila kuitetea. Mwaka 1897 aliipenda na papo hapo akawa hana budi kusikia ina kasoro. Kwenye Dansi hakuna kasoro, kwa sababu hakuna simfoni. Imebaki tuni na mtu aliyeitunga.

Hapo ndipo Preludi ya C-shapu inapopata maelezo yake. Kipande kile kilikuwa cha ujana pia, tena kilifanikiwa. Ila kilipigwa na kila mwanafunzi wa piano kuanzia Moscow hadi Chicago, kikadaiwa, kikawa cha wasikilizaji. Asingeweza kukikumbuka hata angetaka. Hakikumpa nafasi ya kukisahau.

Makaratasi ya Leningrad

Rachmaninoff alifariki Beverly Hills tarehe 28 Machi 1943, wiki chache baada ya kupata uraia wa Marekani. Mwaka uliofuata, mwaka ambao mzingiro wa Leningrad ulivunjwa, ndani ya maktaba ya konservatori ya mji huo yakapatikana makaratasi ya wapigaji yaliyotumika usiku wa 1897. Kitabu cha mwongozaji hakikuwepo. Yalikuwepo yale ya selo, ya zumari, ya tarumbeta, kila moja na mstari wake tu, na vipimo vyake vya kukaa kimya. Wataalamu wakaanza kuyapanga moja juu ya jingine mpaka simfoni ikasimama tena. Alexander Gauk aliiongoza Moscow tarehe 17 Oktoba 1945, na safari hii watu walishangilia.

Machi 1948 Ormandy na Okestra ya Philadelphia wakaifikisha Marekani, katika mojawapo ya matamasha ya kwanza ya okestra kuonyeshwa kwenye televisheni ya nchi hiyo. Wapigaji waliokuwa bado kwenye viti vyao tangu 1941 walifungua makaratasi mapya na kukutana na noti walizokwisha kuzipiga. Baadaye simfoni ilipata hata umaarufu wa aina nyingine: Waingereza wengi wa miaka ya 1970 walijua mwanzo wa sehemu ya nne bila kujua ni nini, kwa kuwa BBC iliutumia kufungulia kipindi chake cha Panorama.

Je, ilikuwa haki? Mwenyewe aliandika kuwa hataki itazamwe. Mwanamuziki mwingine wa zama zake, Jean Sibelius wa Finland, alipotaka kazi zake za baadaye zisionekane aliziingiza motoni, na hakuna wa kubishana na majivu. Rachmaninoff alikuwa na moto pia, na miaka 20 ya kuutumia, lakini alitumia kufuli. Sitaki kumsemea marehemu. Ninachoona ni kwamba aliyoyasema kwenye barua ya 1917 kuhusu udhaifu wa simfoni ni kweli: kuna mahali kwenye sehemu ya nne ambapo kijana anapiga kelele baada ya kuwa ameshasikika, na kuna mahali pengine ambapo vyombo vimelundikwa mpaka tuni inakosa pumzi. Sehemu ya tatu, ile ya polepole, inazunguka zunguka kabla ya kufika. Hata hivyo ni kazi ambayo singekubali kubadilishana na Konserto Na. 2, pamoja na uzuri wake wote. Konserto iliandikwa na mtu anayejua wasikilizaji wanapenda nini. Simfoni iliandikwa na mtu ambaye hajaumizwa bado.

Kwa anayetaka kusikiliza, kazi zote mbili zinapatikana kwa urahisi kwenye majukwaa ya muziki ya intaneti. Ormandy na Philadelphia walizirekodi zote, na Vladimir Ashkenazy na okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam vilevile. Mwaka 2018 ilitolewa pia rekodi ambayo ilikuwa imekaa gizani tangu Desemba 1940: Rachmaninoff akiwa kwenye piano anampitisha Ormandy katika Dansi za Kisimfoni kabla ya onyesho la kwanza, akiruka kutoka mahali hadi mahali, akivumisha sauti pale vidole visipotosha. Haikukusudiwa kuuzwa na ubora wake si wa studio, ila ndiyo iliyo karibu zaidi na mtu mwenyewe.

Wengi hushauri kufuata tarehe, yaani simfoni kwanza kisha Dansi. Mimi nashauri kinyume. Anza na Dansi ya kwanza, uisikilize mara kadhaa mpaka ile dakika ya mwisho uweze kuivumisha ukiwa jikoni. Halafu ndipo ufungue simfoni. Tuni itakujia mapema katika sehemu ya kwanza, imekasirika, na kwa sababu utakuwa umeshaizoea ikiwa na hali nyingine, usishangae ukihitaji kurudisha nyuma kuhakikisha ni yenyewe.